Rangi ya kiwandani yenye dosari kwenye gari la zamani: kuiacha, kuirekebisha au kupuliza upya?

Fungua mlango wa nyuma wa kushoto wa Peugeot 404 aliyotuachia baba, inama hadi usawa wa bawaba ya chini, utaona tone la rangi ya maziwa lililoganda likiwa njiani kushuka. Urefu wake ni punje ya mchele. Mpira wa mlango umelilalia, na gundi ya mpira huo imekuwa ya kahawia na ngumu kama kucha, haijaguswa na mtu. Kwa hiyo tone lilikuwepo kabla mpira haujafungwa. Aliyeliacha alikuwa kazini Sochaux, Ufaransa, miaka ya 1960. Fundi rangi aliyekuja kulitazama gari hapa Tanga alipitisha kidole juu yake akasema, "Kaka, hili nalitoa kwa msasa dakika tano tu." Angeweza kweli. Nilimwomba asubiri, na huko kusubiri ndiko kulikonifundisha haya ninayoyaandika.

Mwenye gari ambalo halijawahi kukarabatiwa, na rangi yake bado ni ileile ya kwanza, hufika mahali pa njia tatu. Aiache rangi na kuitunza ilivyo. Arekebishe zile sehemu zilizozidi. Au avue yote na kupuliza upya. Nimeona watu makini wakichagua kila moja kati ya hizo, wakawa na sababu nzuri. Nitazipima zote kwa vigezo vilevile, lakini kuna jambo la kutangulia.

Dosari ya kiwanda na uharibifu wa baadaye

Tukiliona gari la 1965 kwenye maonyesho linang'aa hadi unaweza kujichania nywele kwenye boneti, tunadhani ndivyo lilivyozaliwa. Magari ya kawaida hayakuzaliwa hivyo. Bodi ilikuwa inatembea kwenye mstari, mtu ameshika bunduki ya kupulizia, na nyuma yake bodi nyingine inakuja. Alipuliza kwa uangalifu pale mnunuzi atakapotazama: boneti, paa, ubavu. Ndani ya buti, chini ya ukingo wa mlango na nyuma ya bampa mkono ulipita mara moja, au haukupita.

Aina ya rangi nayo ilileta dosari zake. Magari ya modeli ya 1924 ya Oakland, kampuni iliyokuwa chini ya General Motors, yalitoka na Duco, laka ya DuPont iliyokauka haraka, na kazi ya wiki kadhaa ikawa ya siku chache. General Motors walibaki na laka kwa miongo mingi, wakati Ford na Chrysler walishikilia enameli ya kuokwa tanurini. Laka hupigwa makoti mengi membamba kisha husuguliwa, hivyo dosari yake ni alama za msasa zinazochungulia chini ya mng'ao, na miaka ikipita, nyufa. Enameli hupigwa makoti machache mazito na kuokwa vilevile ilivyotua. Ndiyo maana uso wake mara nyingi una vijidimbwi kama ganda la chungwa, na michirizi pale rangi ilipojaa mno. Kwenye Chevrolet Corvette zilizotengenezwa St. Louis, ambako kazi hiyo iliendelea hadi 1981, bodi ni ya faibaglasi na rangi ni laka. Wanaozijua hutarajia kukuta sehemu za chini zikiwa hazing'ai, rangi imetua kavu kama vumbi.

Hizo ndizo dosari za kiwanda: ganda la chungwa, michirizi, rangi kavu sehemu za chini, vumbi la rangi nyeusi lililorukia pasipo pake, praima, yaani rangi ya msingi, inayoonekana pembeni ambako bunduki haikufika. Mikwaruzo ya matawi, vishimo vya mawe, kupauka kwa jua na kutu ni mambo yaliyokuja baadaye. Ukichanganya makundi haya mawili utafuta saini ya mtengenezaji huku ukidhani unatibu ugonjwa.

Namna ya kutofautisha haihitaji maabara. Tazama chini ya raba, nyuma ya taa, chini ya beji: rangi ya kiwandani hupita chini ya vitu hivyo bila kukoma, ya fundi wa baadaye mara nyingi huishia kwenye mstari wa utepe. Sugua kidogo kwa kitambaa cheupe chenye polishi: kikichukua rangi ya gari, basi hakuna klia juu yake, yaani lile koti la mwisho lisilo na rangi, na magari mengi ya zamani yenye rangi isiyo metaliki (isiyo na chembe za metali) yako hivyo. Tia thina kwenye pamba na ujaribu mahali pa siri kabisa: laka huyeyuka hata baada ya miaka 50, enameli iliyookwa hustahimili.

Kisha kuna kipima unene wa rangi, kifaa cha mkononi kinachosoma kwa mikroni, yaani sehemu moja ya elfu ya milimita. Rangi ya kiwandani ya gari la bati kwa kawaida husoma kati ya 80 na 150 hivi. Ukikuta 250 mlango mmoja na 110 mlango wa pili, mlango wa kwanza ulipigwa rangi tena. Ikipita 500, chini yake huenda kuna filla, ile lipu ya kujazia mabonde. Angalizo moja ambalo limewaponza wengi: kifaa kinachotumia sumaku hakisomi faibaglasi ya Corvette wala aluminiamu ya Land Rover za zamani. Kwa aluminiamu tafuta kinachosoma metali zisizoshika sumaku. Kwa faibaglasi, cha mawimbi ya sauti.

Vigezo

Nitaangalia mambo matano kwa kila njia. Ushahidi: gari litabaki na nini cha kusimulia juu ya lilivyotengenezwa? Bati: limekingwa kiasi gani dhidi ya kutu? Kurudi nyuma: ukijuta, unaweza kubadili? Mfuko na kazi. Na mwisho, inamfaa nani.

Njia ya kwanza: kuiacha na kuitunza

*Ushahidi.* Hapa haina mshindani. Gari lenye rangi yake ya kwanza ni nakala halisi, na wanaokarabati magari mengine ya aina hiyo huja kulipiga picha wajue bunduki ilipita wapi na haikupita wapi. FIVA, shirikisho la kimataifa la magari ya zamani, lilipitisha mwaka 2012 Mkataba wa Turin unaotanguliza uhifadhi kabla ya ukarabati. Nchini Marekani, chama cha AACA kina daraja maalumu la magari yaliyobaki na vitu vyake vya asili. Mwezi wa Agosti 2024, huko Pebble Beach, California, tuzo kuu ilikwenda kwa Bugatti Type 59 ya 1934 ambayo haijakarabatiwa, mara ya kwanza kwa gari lililohifadhiwa kushinda hapo. Rangi ya Bugatti hiyo, nyeusi yenye mstari wa njano, ilipakwa alipoimiliki Mfalme Leopold III wa Ubelgiji, kwa hiyo hata koti lililokuja baada ya kiwanda, likizeeka na gari, linaweza kuwa ushahidi wa kulindwa.

Kwetu sababu ya kulinda ni nyepesi kuieleza. Peugeot 404 ilishinda mbio za magari za East African Safari mwaka 1963, 1966, 1967 na 1968, na kwa jina hilo ikanunuliwa ifanye kazi. Ilibeba abiria, magunia, maharusi na maiti, na kila ilipochoka ilipulizwa rangi mpya. Iliyobaki na rangi ya Sochaux ni nadra.

*Bati.* Huu ndio udhaifu wake mkubwa, na pwani hausubiri. Hewa ya chumvi ya Tanga au Mombasa ikikuta mahali rangi imeliwa hadi bati, kutu huanza ndani ya wiki chache. Sehemu hizo zipakwe nta mara kwa mara, na ndani ya milango na vizingiti ipulizwe nta ya kukinga kutu. Mwenye Land Rover Series ana nafuu: paneli zake nyingi ni aluminiamu, zikivuliwa rangi na miaka haziozi kama bati. Lakini chesi yake ni chuma, na ukuta wa mbele unaobeba dashibodi ni chuma, na pale chuma kinapogusana na aluminiamu penye unyevu wa chumvi aluminiamu huliwa ikawa unga mweupe. Usidanganywe na ubavu mzima.

*Kurudi nyuma.* Milango yote iko wazi. Ukiamua mwakani kupuliza, utapuliza.

*Mfuko na kazi.* Pesa kidogo, mikono mingi. Rangi ya zamani isiyo na klia, iliyopauka hadi kuwa kama chaki, mara nyingi haijafa, imekauka tu. Ioshe taratibu, kisha paka polishi yenye mafuta mengi isiyo na makali, iache ilale usiku kucha, ifute, rudia. Boneti ya 404 yetu ilikunywa mara nne kabla haijaanza kurudisha taswira ya mwembe ulio uani. Halafu nta. Epuka nta yenye silikoni ikiwa unafikiri siku moja utapuliza, kwa sababu silikoni huacha rangi mpya ikijaa vishimo vya duara.

*Inamfaa* mwenye gari lililo zima kiasi, mwenye banda, anayeliendesha Jumapili na kuvumilia maswali ya "hili mbona hulipigi rangi?"

Njia ya pili: kurekebisha sehemu

*Ushahidi.* Unabaki kwa sehemu, na yote yanategemea nidhamu. Shida ya njia hii ni kwamba haina breki. Unaziba kishimo, pembeni yake panaonekana pachafu, unasogea, na jioni umefika kwenye nguzo ya paa. Kanuni ninayoishika: kilichotoka kiwandani hakiguswi, kinachokula gari kinatibiwa. Mchirizi unabaki. Kutu ya chini ya mlango inakatwa.

*Bati.* Ulinzi mzuri ikiwa kutu imeondolewa hadi metali safi na kuwekwa praima sawasawa. Kufunika kutu kwa rangi ni kuifungia ndani ikiendelea kula.

*Kurudi nyuma.* Hapa ndipo watu wengi hukosea, maana kupiga polishi kunaonekana hakuna madhara. Kila polishi yenye makali hula mikroni chache. Koti la rangi juu ya praima linaweza kuwa jembamba kuliko unywele, na kwenye mikunjo ya bodi na kingo za boneti ni jembamba zaidi. Mashine ikipita mara mbili hapo praima inatabasamu. Funga kingo zote kwa utepe kwanza, upime unene kabla na baada. Kusugua ganda la chungwa kwa msasa wa maji ili uso uwe sawa ni jambo kubwa zaidi: unaondoa kwa makusudi ile dosari iliyokuwa inathibitisha rangi ni ya kwanza, na huwezi kuirudisha.

*Mfuko na kazi.* Wastani wa gharama, lakini panahitajika fundi mwenye jicho. Kosa linalorudiwa ni kuchanganya rangi kwa namba ya kiwanda. Namba inakupa rangi ya gari jipya la 1968. Gari lako limekaa juani zaidi ya nusu karne. Ukitia rangi ya namba kwenye mlango uliopauka unapata kiraka. Piga polishi sehemu ndogo jirani na jeraha, kisha linganisha na hapo. Rangi isiyo metaliki kama nyeupe ya maziwa au bluu hukubali kiraka. Rangi ya metaliki ni kazi ngumu, chembe za aluminiamu hulala kwa mwelekeo tofauti kila bunduki inapopita na kiraka huonekana ukisimama upande mmoja wa gari hata kama upande wa pili hakionekani. Na kama rangi ni laka, usiongeze makoti juu ya makoti. Laka ikiwa nene hupasuka kama matope ya mto uliokauka.

Jambo la afya, nalisema kwa msisitizo: rangi nyingi za enzi hizo, hasa nyekundu, njano na za chungwa, zilikuwa na madini ya risasi, ambayo ni sumu. Usisugue kavu. Tumia msasa wa maji, vaa barakoa nzuri, na watoto wakae mbali na yale maji.

*Inamfaa* mwenye gari linalofanya kazi kila wiki, lenye maumivu mahali pachache panapojulikana.

Njia ya tatu: kuvua na kupuliza upya

*Ushahidi.* Unaisha siku msasa wa kwanza unapogusa. Hata hivyo njia hii ina matawi mawili, na tofauti yake ni kubwa.

Tawi la kwanza ni kupuliza kama kiwanda kilivyopuliza. Wapo mafundi Marekani wanaoacha ganda la chungwa kwa kipimo, wanaopuliza sehemu za chini kavu, wanaorusha vumbi la rangi nyeusi pale lilipokuwa. Chama cha wapenzi wa Corvette, NCRS, kilichoanzishwa 1974, huhukumu magari kwa kuyalinganisha na yalivyotoka kiwandani. Tuzo ya Top Flight inataka alama 94 kwa mia au zaidi, na rangi laini kupita ya kiwanda hupunguziwa alama. Ukitaka njia hii unahitaji ushahidi wa kunakili, yaani picha na vipimo vya gari ambalo halikuguswa. Bila hao wa njia ya kwanza, hawa hawana cha kufuata.

Tawi la pili ni kung'arisha kuliko kiwanda: uso sawa, klia juu, kila mkunjo umenyooshwa. Wengine hulidharau. Mimi silidharau. Mtu aliyelala miaka akiota gari la harusi ya wazazi wake likiwaka ana haki ya kuliona likiwaka, alimradi siku ya kuliuza aseme wazi kwamba rangi ni mpya. Na neno hilo la uwazi linamhusu zaidi yule wa tawi la kwanza, kwa sababu mchirizi wa kuigiza unaweza kumpotosha mnunuzi kuliko mng'ao wa wazi.

*Bati.* Ndiyo njia yenye ulinzi mkubwa kuliko zote, ikifanywa kwa ukweli: bodi imevuliwa, matundu yameungwa kwa bati na si kwa filla, praima ya epoksi imeshika metali. Kwa gari lililooza hakuna mbadala.

*Kurudi nyuma.* Hakuna.

*Mfuko na kazi.* Ndefu na ghali, na bei nafuu hapa ni hatari. Gari lisilotolewa vioo, raba na beji litapulizwa juu ya raba, na mwaka mmoja baadaye rangi itaanza kubanduka kandokando. Rangi mpya yenye kigandishi, kemikali ya kuigandisha, ikipigwa moja kwa moja juu ya laka ya zamani inaweza kuinyanyua na kuikunja. Na kigandishi chenyewe kina isosayaneti, sumu inayoweza kumwachia fundi pumu ya maisha. Kitambaa puani si kinga, panahitajika barakoa inayoletewa hewa safi kutoka nje. Kama karakana haina, tafuta nyingine. Atakayetaka laka ya asili ajue pia kwamba haipatikani kirahisi kama zamani, na jimbo kama California limeibana kwa sheria za usafi wa hewa.

*Inamfaa* mwenye gari ambalo rangi yake ya kwanza imebaki vipande, lililokwisha kupulizwa nusu na watu watatu tofauti, au lenye kutu iliyopita hadi ndani.

Kwa hali yako

Kama kipima unene kinasoma kiwanda kila paneli na huoni kutu, sioni sababu ya kukimbilia bunduki. Anza na njia ya kwanza kwa mwaka mzima. Kama upo pwani na gari linalala nje, pesa za kwanza ziende kwenye banda na nta ya ndani ya milango kabla ya rangi yoyote.

Kama gari linakupeleka kazini, njia ya pili ina mantiki. Andika tu kwenye daftari kila paneli iliyoguswa, tarehe, na rangi iliyotumika. Kama unaandaa gari la Marekani la miaka ya 1960 kwa majaji wanaohukumu kwa kiwango cha kiwanda, usivue kitu kabla hujakaa na gari la mfano lisiloguswa, kamera mkononi. Kama unaandaa maonyesho yanayotazama usafi na mng'ao, muulize mwandaaji daraja gani lina vigezo gani, kwa sababu gari lilelile linaweza kushinda daraja moja na kushindwa jingine.

Kama umerithi gari na ndugu wamegawanyika, njia ya kwanza haimnyimi mtu haki yake. Wanaotaka kupuliza wanaweza kusubiri, lakini wanaotaka kuhifadhi hawawezi kuirudisha rangi ikishavuliwa. Sisi tulikuwa wanne. Dada mkubwa alitaka bluu.

Na kama unanunua, na muuzaji anakuambia "rangi ni ya kiwandani," usitazame boneti. Fungua buti, nyanyua raba, angalia pembe za ndani ambako hakuna aliyejali kupulizia vizuri.

404 yetu tuliikata kutu kizingiti cha kulia na pembe ya chini ya mlango wa dereva. Viraka hivyo viwili ukivitafuta utaviona, vimeandikwa kwenye daftari lililo ndani ya dashibodi. Boneti ilipigwa mafuta na nta, paa limebaki na upauko wake. Fundi yuleyule ndiye aliyefanya kazi, na alipofika mlango wa nyuma wa kushoto alilifunika tone kwa kipande cha utepe, mashine isiliguse.